"Sorry" si "pole" wala "samahani": namna ya kulitumia neno hili ukaeleweka

Mgeni anatembezwa kwenye magofu ya Kaole, kusini mwa mji wa Bagamoyo. Anapita katikati ya makaburi ya mawe ya matumbawe, mguu unagonga jiwe, anayumba. Kijana anayemtembeza anasema papo hapo, "Sorry!" Mgeni anajiweka sawa, anamtazama, anajibu, "It's not your fault." Si kosa lako. Kijana anabaki na mshangao: nani kasema ni kosa langu? Mimi nimempa pole tu, kama mtu yeyote wa hapa angempa aliyejikwaa.

Wote wawili wako sahihi, kila mmoja kwa lugha yake. Lakini kijana yule akirudia hivyo mara kumi kwa siku, mgeni akijikwaa "sorry", akipigwa na jua "sorry", akishuka kwenye basi "sorry", mgeni ataanza kuona anatembezwa na mtu mwenye hofu, anayejilaumu kwa kila kitu. Inaumiza, maana nia ilikuwa upole mtupu. Mwongozo huu ni kwa anayefanya kazi na wageni mjini, wa hotelini, wa boti, wa bajaji, wa vinyago, na kwa mwanafunzi anayetaka Kiingereza chake kikae vizuri.

Neno lilikotoka

Tuanzie kwenye mzizi, kwa sababu matumizi yote ya neno hili yamejificha humo.

Kiingereza cha kale, kilichosemwa takriban kati ya karne ya 5 na ya 11, kilikuwa na neno "sār", yaani maumivu au jeraha. Neno hilo bado liko hai kama "sore": "sore throat" ni koo linalouma. Waingereza wa zamani walichukua "sār" wakalitia kiambishi "-ig" cha kuundia vivumishi, wakapata "sārig": mwenye maumivu, mwenye majonzi. Kiambishi hicho ndicho "-y" ya leo. "Holy", takatifu, zamani lilikuwa "hālig". Baadaye "ā" ile ndefu ikageuka kuwa "o" katika sehemu kubwa ya Uingereza, ndipo "stān", jiwe, likawa "stone", na "hām", nyumbani, likawa "home". "Sārig" likapita njia hiyohiyo, irabu yake ikafupika, likaishia kuwa "sorry".

Wengi hudhani "sorry" na "sorrow", huzuni, ni ndugu wa damu. Siyo. "Sorrow" limetoka kwenye "sorg", mzizi mwingine kabisa, jamaa wa "Sorge" la Kijerumani lenye maana ya wasiwasi. Maneno haya mawili yaliishi jirani karne nyingi mpaka sauti zikaambukizana. Ndugu wa kweli wa "sorry" upande wa Wajerumani ni "sehr", ambalo leo maana yake ni "sana". Zamani lilimaanisha "kwa maumivu", kisha uchungu ukatoka ukabaki ukali. Si ajabu kwetu, kwani hata sisi tunasema mtu "amependeza vibaya". Wafini nao waliliazima neno hili zamani sana, likawa "sairas" kwao: mgonjwa.

Sasa weka maneno matatu mezani uyatazame.

"Samahani" limetoka Kiarabu, nalo ni ombi: nisamehe. "Kumradhi" pia, maana asili yake ni "kun radhi", uwe radhi. Yote mawili yanamtaka msikilizaji afanye jambo. "Pole" ni kinyume chake, halimtaki mtu kitu. Linatolewa. Ndiyo maana tunasema kuomba samahani, lakini kumpa mtu pole, na aliyepewa hushukuru.

"Sorry" haliombi wala halitoi. Ni kivumishi, linaeleza hali ya moyo wa anayesema. "I'm sorry" kwa undani wake ni "mimi moyo unaniuma". Msikilizaji anaachiwa aelewe mwenyewe kwa nini unauma: je, unauma kwa sababu umenikosea, au kwa sababu nimepatwa na jambo? Usipompa kidokezo, mara nyingi atadhani umemkosea. Ndicho kilichomkuta kijana wa Kaole.

Kipimo cha jibu

Kabla hujasema "sorry", jiulize: ningekuwa nasema Kiswahili, huyu angenijibu nini? Jibu likiwa "bila samahani" au "usijali", sema "sorry" bila wasiwasi, neno litatosha lenyewe. Jibu likiwa "asante", simama kwanza. Hapo unatoa pole, na pole ina vyumba vingi ambavyo "sorry" haliingii vyote.

Pole ya msiba inaingia. "I'm sorry for your loss", au "I'm so sorry" peke yake, inatosha mahali ambapo sisi tungesema "makiwa" au "poleni na msiba". Usiongeze maneno. Usitafsiri "kazi ya Mungu haina makosa" kwa mtu usiyemjua imani yake. Kwetu inaliwaza, kwake inaweza kuchoma.

Pole ya ugonjwa na ya habari mbaya inaingia pia, lakini kwa mkia. Mgeni anakuambia simu yake imeibiwa Dar es Salaam kabla hajafika hapa, au mkewe amebaki chumbani na homa. Sema "I'm sorry to hear that". Yale maneno matatu ya mwisho ndiyo yanayofanya kazi: yanaonyesha kwamba kinachokuuma ni kusikia habari, siyo kosa ulilotenda. Ukiukariri mkia huu mmoja tu katika mwongozo wote, utakuwa umejiokoa na nusu ya makosa.

Pole ya kujikwaa, kujigonga kichwa kwenye mlango mfupi, kumwagikiwa chai: usianze na "sorry" kama si wewe uliyesababisha. Uliza "Are you all right?", yaani uko salama? Mkono ukinyooshwa kusaidia huku unauliza, upole wako wote umefika. Na kama hatari bado haijatokea, jiwe liko mbele, neno ni "Careful!" au "Mind your step!" Wanaotembeza wageni Kaole wayatangulize haya mapema, kabla ya kuingia kwenye mawe, kuliko kugawa pole baadaye. Kama mazoea yamekushinda na "sorry" imekwisha kutoka, malizia haraka: "Oh, sorry! Are you all right?" Hapo haidhuru.

Halafu kuna pole na kazi, pole na safari, pole na majukumu, pole na jua. Hizi hazina Kiingereza. Ukimwambia mtu "Sorry for the journey", atafikiri basi lililomleta ni lenu na kuna tatizo ambalo hajalijua. Ukimwambia "Sorry for work", hataelewa kabisa. Usitafute neno, tafuta nia. Nia ya pole na safari ni kuonyesha unajua amechoka, basi sema hivyo: "You must be tired. How was the journey?" Ukimpokea na glasi ya maji huku unasema "Welcome", umemaliza. Kwa mtu aliye kazini, Waingereza hawana salamu ya kumpa. Unamsalimia tu, au unamwambia "You're working hard", unafanya kazi kwa bidii. Ni pengo kweli, na anayetoka kwenye lugha yenye "pole na kazi" atalihisi kila siku.

Samahani kabla, samahani baada

Kiswahili kinatumia "samahani" kabla ya kumsumbua mtu na baada ya kumkosea. Kiingereza kimetenga. Kabla ya jambo ni "Excuse me": unapotaka kumwita mgeni aliyekupa mgongo, unapouliza njia, unapokatiza mazungumzo. Baada ya jambo ni "Sorry": umemkanyaga, umechelewa, umemwita kwa jina la mtu mwingine. Waingereza wenyewe huchanganya, utamsikia Mwingereza akisema "Sorry, is this seat taken?" kabla hajakusumbua hata kidogo, lakini Wamarekani wengi hapo hutumia "Excuse me". Ukishika kabla na baada, hutamkosea yeyote kati yao.

"Simile!" ya mwenye mkokoteni kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe ni "Excuse me, please!" Na "hodi" kwenye mlango wa chumba cha hoteli ni kugonga na kusema wewe ni nani; ukisema "Sorry, sorry" mlangoni, mgeni ataruka kitandani akidhani kuna ajali. "Ashakum si matusi" inakaribiana na "Excuse my language".

Sarufi yake

Kwa kuwa "sorry" ni kivumishi, linahitaji kitenzi "kuwa" mbele yake: "I am sorry", au kwa mkato "I'm sorry". Huwezi kusema "I sorry", kama ambavyo "mimi mgonjwa" kwa Kiingereza haiwi "I sick". Kosa lililoenea sana kwetu, hasa kwenye ujumbe wa simu, ni kuandika "Am sorry". Linatokana na sikio: "I'm" ikisemwa haraka inasikika kama "am". Kwenye maandishi weka "I" na kistari chake cha juu. Waweza pia kuanza na "Sorry" tupu, na hiyo ni sahihi kabisa katika mazungumzo. Kisichokubalika ni kuandika "am" bila mwenyewe. Na herufi "r" ni mbili.

Baada ya "sorry" zinakuja njia nne. Ukitaja kitu, tumia "about": "I'm sorry about the noise", kelele. Ukitaja tendo ulilofanya, tumia "for" na kitenzi chenye "-ing": "Sorry for being late". Kitenzi kikija na "to", mara nyingi ni jambo linaloendelea au ndiyo kwanza limeisha: "Sorry to keep you waiting", unapotoka jikoni ukamkuta anasubiri. Na waweza kuweka sentensi kamili bila kiungo: "Sorry I'm late". "Sorry for late" si Kiingereza, wala "Sorry for keep you waiting". Makosa haya mawili yanasikika mapokezini kila wiki, na yote yanatokana na kudhani kwamba "for" ni "kwa" yetu. "Kwa" hubeba chochote. "For" haibebi kitenzi kitupu.

Kukoleza: neno la kukoleza linatangulia. "I'm so sorry", "I'm very sorry", "I'm really sorry". Usifuate mpangilio wa "samahani sana" ukasema "sorry very much" au "sorry so much". Yale "very much" ni ya kushukuria, yanakwenda na "thank you".

Kulitamka

Mkazo uko kwenye silabi ya kwanza, na hapo Kiswahili kinakusaidia, maana neno la silabi mbili kwetu hukaziwa palepale. Waingereza hutamka "o" fupi iliyo wazi. Wamarekani wengi hufungua mdomo mpaka inakaribia "saari". Chagua mojawapo. Tabu iko kwenye "r": yetu hutetemesha ulimi, ya kwao ulimi haugusi popote. Rudisha ncha ya ulimi nyuma kidogo, izuie isiguse paa la kinywa, chonga midomo kidogo, kisha toa sauti. Anayebadilishana "r" na "l" afanye zoezi hili mara nyingi zaidi, la sivyo atasema "soli", na hiyo ni ya kiatu.

Mlio nao unabeba maana. "Sorry" inayoshuka mwishoni ni samahani. "Sorry?" inayopanda ni "unasemaje?", naomba urudie. Mgeni akikuambia hivyo hakulaumu wala haombi radhi, hakusikia. Rudia ulichosema, polepole, kwa maneno yaleyale. Wengi hapa hukosea kwa kujibu "No problem" na kuendelea, mgeni anabaki hajui boti inaondoka saa ngapi.

Kuomba radhi kwa kosa la kweli

Chukua mfano wa ufukweni. Boti ilikuwa iondoke asubuhi, lakini maji yamekupwa, na pwani ya Bagamoyo maji yakikupwa yanakwenda mbali. Chombo kimekaa kwenye mchanga. Wageni wanne wamesimama juani na mabegi. Sema hivi, kwa mpangilio huu: "I'm sorry about the delay. The tide is out. We'll leave at three." Kwanza moyo wako, pili sababu moja tu, tatu saa. Sababu zikizidi moja zinaanza kusikika kama visingizio. Ukiacha saa, "sorry" yako haina thamani, kwa sababu mgeni bado hajui afanye nini na mwili wake.

Na hiyo saa uiangalie. Saa tisa alasiri kwa Kiingereza ni "three", siyo "nine". Anayetafsiri saa ya Kiswahili neno kwa neno ataomba radhi mara ya pili siku hiyohiyo, tena kwa watu waliokwisha kukasirika.

Chakula kikiwa kimekwisha, usiseme "Sorry, octopus is finished". Sema "I'm sorry, we're out of octopus", kisha taja samaki mliye naye. Kosa likiwa zito, kwa mfano chumba walicholipia kimepewa watu wengine, "sorry" peke yake ni jepesi. Hapo, hasa kwa barua, tumia "apologise", ambalo ni kuomba radhi rasmi: "We apologise for the mistake". "We regret to inform you" ni tunasikitika kukujulisha. Ni baridi, linafaa matangazo, halifai mtu aliyesimama mbele yako na sanduku.

Wenye biashara wengine hukataza wafanyakazi kusema "sorry" wakiogopa kwamba ni kukiri kosa. Hata huko linakotoka neno, sheria imelinda anayelisema: Uingereza kupitia sheria ya mwaka 2006, na jimbo la Ontario nchini Kanada kupitia sheria ya mwaka 2009, kuomba radhi peke yake hakuhesabiwi kuwa ni kukubali uzembe. Mwache mfanyakazi wako awe na ubinadamu.

Ukilisikia kutoka kwa mgeni

Muuza vinyago anaonyesha kinyago, mgeni anasema "I'm sorry, I can't" au "Sorry, no". Hiyo ni hapana iliyokamilika. Kwa kuwa kwetu samahani ni ombi, mtu huhisi mlango bado uko wazi, anashusha bei, anafuata hatua ishirini. Mgeni anaona ameshakataa kwa adabu na sasa anasumbuliwa. Mwache apite, akirudi jioni atakukumbuka kwa wema.

"I'm sorry, but…" ni dalili ya lalamiko. Kinachofuata baada ya "but" ndicho cha kusikiliza: maji ya bafuni ni baridi, bili ina kosa. "You'll be sorry" ni utajuta, neno la vitisho. "Better safe than sorry" ni kinga ni bora kuliko tiba, na humo "sorry" linamaanisha kujuta. Likikaa mbele ya jina, kama "a sorry state", ni hali mbovu ya kusikitisha. Usiliseme juu ya nyumba ya mtu. "I feel sorry for him" ni namhurumia, na wengi hawapendi kuhurumiwa usoni, kwa hiyo usimwambie mtu "I feel sorry for you" ukitaka kumpa pole.

Ukiombwa radhi, majibu ni "That's all right" au "Don't worry about it". Ukipewa pole, jibu ni "Thank you", kama kwetu.

Kuna mahali mjini ambapo wageni husema neno hili kwa maana yake ya kale kabisa. Ni pale wanapoelezwa habari za misafara iliyotoka bara kupitia Tabora, watu waliofikishwa pwani hii wakiwa wamefungwa, na kijiji ambacho misheni ya Wakatoliki ilianza kuwajengea waliokombolewa mwaka 1868. Mgeni anasikiliza, ananyamaza, kisha anasema kwa sauti ndogo, "I'm so sorry." Hajajikwaa, hajakukosea, hana swali. Usimjibu "No problem", wala usikimbilie chumba kinachofuata. Sema "Thank you", mwache asimame hapo kadiri anavyotaka, kisha endelea.